Mwanga kwa Kunguru

Kamera haijui kunguru ni nini. Haijui hata weusi ni nini. Kipimo chake cha mwanga kimefunzwa jambo moja tu: chochote kilicho mbele yake kitoke na mwanga wa wastani, kijivukijivu hivi. Yangeyange akijaza picha nzima, kamera itakurudishia ndege wa rangi ya jivu. Kunguru akitua mbele ya anga jeupe, itaona mwanga umezidi, itaupunguza, na kunguru atabaki kivuli chenye mdomo.

Mimi nakaa Mombasa, na ndege ninaowapiga picha zaidi ni hawa hawa ambao hakuna mtalii anayepanda ndege kuja kuwaona. Watu huniuliza, "We! Ndege wote hawa, umemwona kunguru tu?" Swali la haki. Kunguru huyu wa Bara Hindi aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asaidie kula takataka, kisha akaenea pwani. Anakula mayai na makinda ya ndege wa asili, ananyakua vifaranga vya watu uani. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Sina ubishi na hayo.

Ubishi wangu ni na kile kivuli chenye mdomo.

Ukitaka kumwona kunguru, lazima uikatalie kamera. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya anga jeupe mimi huongeza hatua moja, mara nyingine moja na nusu. Anga litaungua, na liungue. Sikuja kupiga picha ya anga. Hapo ndipo shingo ya kijivu inapojitenga na kichwa cheusi, na mabawa uliyodhani meusi tii yanatoa buluu na zambarau. Jina lake la kisayansi ni Corvus splendens, na hilo neno la pili ni Kilatini: mwenye kung'aa.

Tena napiga kwa RAW, si JPEG. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwa ndege mweusi hiyo ni akiba kubwa, maana kwenye kompyuta unaweza kuinua giza la bawa na ukakuta manyoya yamo. Lakini usiinue kupita kiasi, chengachenga zitaingia. Kuinoa picha nako kuna mpaka: nyoya likinolewa sana linageuka waya. Na nyoya ambalo lenzi haikuliona, hakuna programu ya kulirudisha. Ndiyo maana natoka saa moja asubuhi, jua likiwa chini na mgongoni kwangu, kasi ya kamera isipungue 1/1000, shabaha iwe jicho.

Sasa ngoja yangeyange atue kando ya kunguru, saa sita mchana. Ukiongeza mwanga, mweupe anaungua, na weupe ulioungua haurudi. Ukipunguza, mweusi anazama gizani. Jua kali haliwatoshi wote wawili kwa picha moja. Hapo mimi husubiri wingu jembamba lipite, nikapima kwa mweupe, kisha nikamwinua mweusi baadaye, taratibu.

Sisi wasomaji tuna maneno ya jambo hili: mhusika bapa na mhusika duara. Mama wa kambo wa hadithi nyingi amepimwa kwa kipimo cha kamera. Mwandishi amemwona mbele ya anga jeupe la yatima, akampiga hivyo hivyo. Hatujui hata anacheka vipi.

Kumwangazia mtu si kumtetea. Ninayo picha moja ya kunguru akiwa na yai mdomoni, yai la ndege mwingine. Mwanga ulikaa sawa: buluu ya bawa inaonekana, na wizi unaonekana, tena wizi unaonekana vizuri zaidi kwa sababu mwizi si doa jeusi. Rafiki yangu mmoja aliitazama kwa muda, akasema, "Mrembo mshenzi huyu." Sijasikia maelezo ya kunguru yaliyo kamili kuliko hayo. Anayetaka kumhukumu, na amhukumu, ila kwanza amwone.