Nyumba ya Douglass na Wanawake Walioikomboa

Ukivuka mto Anacostia kutoka katikati ya jiji la Washington, majengo ya marumaru yanabaki nyuma yako. Mbele zinakuja nyumba za kawaida za watu wa kawaida, maduka madogo, vinyozi, makanisa yaliyopangana. Tulishuka basi mimi na shangazi yangu, ambaye ameishi Maryland tangu nikiwa mtoto, tukatembea hadi Mtaa wa W. Hapo kilima kinainuka ghafla, na juu yake imekaa nyumba ya matofali yenye baraza pana mbele. Hiyo ndiyo Cedar Hill, nyumba ya Frederick Douglass, mwandishi na mhutubu aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa Marekani.

Ngazi za kupandia ni ndefu. Shangazi alisimama katikati, mkono kiunoni, akavuta pumzi. “Mwanangu, kwa nini mtu ajijengee huku juu?” Alipofika barazani na kugeuka, jibu alilipata mwenyewe. Ng’ambo ya mto, kuba jeupe la Bunge la Marekani lilionekana wazi. Mtu aliyezaliwa mtumwa Maryland mwaka 1818, asiyejua hata siku yake ya kuzaliwa, alikaa barazani hapa jioni na kulitazama Bunge kwa mbali, tena kutokea juu.

Lakini si yeye aliyeijenga. Mjenzi alikuwa John Van Hook, mmoja wa waliopima viwanja vya mtaa huu mwaka 1854 na kuuita Uniontown. Walilenga kuwauzia wafanyakazi wa Kizungu, na masharti ya viwanja yalikataza kabisa kumuuzia au kumpangisha mtu mwenye damu ya Kiafrika. Van Hook akaishi hapa kilimani mpaka biashara ikamwendea kombo, nyumba ikamtoka mikononi. Mwaka 1877 Douglass akainunua kwa dola 6,700. Nilipenda jinsi mwongozaji wetu, kijana wa Idara ya Hifadhi za Taifa, alivyoyasema hayo pale mlangoni kabla hatujaingia. Kuna majumba ya kale ambako wageni wanaonyeshwa samani kwanza, na habari za nani alizuiwa kuingia zinakuja mwishoni, kama zinakuja.

Ndani ni enzi ya Malkia Victoria kila unapogeuka: karatasi za maua ukutani, mapazia mazito, mazulia, picha za watu katika fremu nene. Huruhusiwi kugusa, na vyumba vingi unavitazama ukiwa umesimama mlangoni. Kuna sebule mbili, moja ya wageni rasmi na nyingine ya familia. Douglass alipiga fidla, na mjukuu wake Joseph akaja kuwa mpigaji fidla mashuhuri wa majukwaani. Ghorofani, katika chumba cha kulala cha Douglass, kuna vyuma vya mazoezi. Shangazi alifurahi kuviona kuliko kitu kingine chochote. Alisema sasa ameamini kwamba mzee huyu alikuwa binadamu.

Mimi nilikwama kwenye chumba cha kusomea. Meza yake ipo, na vitabu vimejaa kwenye rafu mpaka juu. Alipokuwa mtoto Baltimore, bibi mwenye nyumba, Sophia Auld, alianza kumfundisha herufi, mumewe akamkataza: mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto akasikia maneno hayo, akayashika. Akawa anatoka na mkate mfukoni, anawapa watoto wa Kizungu wa mtaani waliokuwa na njaa, nao wanamlipa kwa masomo. Ukiijua habari hiyo, rafu zile huwezi kuzipita kama pambo la nyumba. Nilisimama hapo mpaka mwongozaji akanikumbusha kwa upole kwamba kundi limekwenda.

Douglass alifia ukumbini, hatua chache kutoka mlango wa mbele, tarehe 20 Februari 1895. Mchana huo alikuwa kwenye mkutano wa wanawake waliokuwa wakidai haki zao. Jioni alikuwa akimsimulia mkewe Helen yaliyotokea, ndipo akaanguka.

Na hapo ndipo nyumba ilipokaribia kupotea. Douglass aliandika wasia kumwachia Helen Cedar Hill, lakini ulikuwa na mashahidi wawili, na sheria ya urithi wa ardhi ilidai watatu. Sehemu hiyo ya wasia ikaanguka. Helen Pitts, mwanamke wa Kizungu ambaye ndoa yake ya mwaka 1884 ilikuwa imezichukiza familia za pande zote mbili, akabaki na nyumba ambayo watoto wa marehemu nao walikuwa na haki yao ndani yake. Alikopa kwa kuiweka nyumba rehani, akanunua mafungu yao, kisha akazunguka akitoa mihadhara ili alipe deni. Bungeni alibisha hodi mpaka mwaka 1900 ikapitishwa sheria ya kuunda chama cha kuitunza nyumba kwa kumbukumbu ya Douglass. Alifariki mwaka 1903, deni bado lipo.

Mwaka 1916 mzigo huo ulibebwa na Chama cha Taifa cha Wanawake Weusi, kilichoongozwa na Mary Talbert wa Buffalo. Wanawake wa vilabu vyake majimboni wakachangishana. Shangazi alinigusa kiwiko: “Hiki ni kikoba hasa.” Ni kweli, na walikuwa wanachangia nyumba ambayo wengi wao wasingeiona kwa macho. Madam C. J. Walker, aliyetajirika kwa dawa za nywele, alitoa dola 500. Mwaka 1918, kwenye mkutano wao Denver, hati ya rehani ilichomwa moto mbele ya wajumbe, na Walker ndiye aliyeshika mshumaa. Nyumba ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1922. Serikali iliichukua baadaye, mwaka 1962. Ikaikarabati na kuifungua tena tarehe 14 Februari 1972, siku ambayo Douglass alikuwa amejichagulia kuwa ya kuzaliwa kwake.

Nikiwa pale niliifikiria Beit al Ajaib ya Zanzibar, jumba la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho yetu sisi, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Sikuwa nalinganisha utajiri wa nchi na nchi. Wanawake wale wa mwaka 1916 hawakuwa na serikali nyuma yao. Wengi hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Nyumba ya kale haihifadhiki kwa kusifiwa. Mtu lazima alipe, tena alipe mwaka hadi mwaka, na aliyelipa anastahili kutajwa pamoja na aliyeishi humo.

Kwa hiyo sikubaliani na mpango wa ziara kwa jambo moja. Anna Murray, mke wa kwanza, tulimfikia ghorofani, kwenye chumba chake, na habari zake zilikwisha upesi. Huyu alizaliwa huru, alifanya kazi za ndani Baltimore, na akiba yake ilimsaidia Douglass kutoroka mwaka 1838 akiwa amevaa kama baharia. Alimzalia watoto watano, na mumewe akiwa safarini kuhutubia, ni yeye aliyewapokea watoro wa utumwa mlangoni kwao Rochester. Alifariki katika nyumba hii mwaka 1882. “Wangeanza na huyu,” shangazi alisema, na mwongozaji akakubali kwa kichwa.

Tukishuka nilimweleza shangazi kuhusu Rosetta, binti mkubwa. Mwaka uleule wa 1900, Bunge lilipopitisha sheria ya kumkumbuka baba yake, Rosetta alitoa hotuba Washington kumhusu mama yake, ili jina la Anna lisizikwe chini ya jina la mumewe. Hotuba hiyo ilichapishwa na bado inapatikana. Shangazi aliniagiza niitafute, nije nimsomee kwa Kiswahili Jumapili, na nisiruke kitu.