Cheti Changu Kiko Wapi?

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu, nalisema mapema ili tusizungushane. Mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, ananieleza kwamba ametuma shilingi 120,000 kwa "ofisa ajira" ambaye sasa hapatikani, na mimi nikacheka.

Alikuwa na miezi saba nyumbani tangu kampuni yao ipunguze watu. Miezi saba ya kuamka saa kumi na mbili, kunyoa ndevu, kupiga pasi shati, halafu kukaa. Kama umewahi kuishi na mtu wa hivyo unajua: inafika mahali huulizi tena "vipi, wamepiga?" Unapika, unanyamaza. Ndipo ikaingia ile meseji. Hongera, umechaguliwa kuwa msimamizi wa ghala, mshahara milioni moja na nusu, malazi juu ya kampuni. Kazi yenyewe hakuiomba, na usaili hakufanya. Kilichotakiwa ni elfu 40 ya vipimo vya afya na elfu 80 ya mafunzo, zitumwe kwa simu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Alituma saa tisa na dakika arobaini. Hela ilikuwa ya kikoba changu, ilikuwa kwenye droo.

Basi mhariri mimi nikaichukua simu, nikaanza kumsahihishia kama makala. Barua pepe ya bure, ambayo hata mtoto wa sekondari anaifungua. Jina la kampuni limeandikwa kwa namna mbili. Namba ya kupokea hela ina jina la mtu, si la kampuni. Na mwajiri gani anaanza kwa kudai hela? Nikamtajia hadi mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaosema kwamba kimsingi wakala wa ajira hamtozi ada mtafuta kazi.

"Na chuo kikuu umesoma, jamani," nikamalizia.

Hakukasirika. Bora angekasirika. Alisema taratibu tu, "Mke wangu, na wewe cheti chako cha chuo kiko wapi?"

Kipo kwenye kabati la chuma la ofisi niliyoiacha mwaka 2019.

Ile haikuwa kazi ya meseji. Kulikuwa na jengo, bango, mlinzi getini na usaili mara mbili. Siku ya kupewa barua, dada wa utumishi akaniambia niache vyeti halisi "kwa usalama", kisha akanisogezea karatasi nyingine: naahidi kutobeba mimba ndani ya miaka miwili. Nilikuwa na miaka 26, nina miezi minne kwenye ndoa. Nikasaini. Mimi ninayesoma makala ya mtu mara tatu kabla ya kuipitisha, karatasi ile sikuirudia. Nikapitia dukani kununua keki, tukasherehekea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikuwepo. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na ujauzito umetajwa humo waziwazi. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Mimi nilikuwa naingia hadi Jumapili, na malipo ya ziada siyajui. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya mambo hayo hayo, ila mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60. Zangu zilipita nikihesabu vidonge vya majira.

Miaka miwili ikawa mitatu, maana bosi aliomba nisubiri mradi uishe. Mama mkwe akaanza maswali. Kila alipouliza, mume wangu alijibu kwamba ni yeye ambaye hajawa tayari. Alilibeba hilo mbele ya ukoo mzima, na hakunicheka hata siku moja.

Tapeli wa meseji alituchukulia elfu 120 kwa alasiri moja. Wale wa kwenye jengo walichukua miaka mitatu, na kila mwisho wa mwezi nilisaini na kusema asante.

Usiku ule niliomba msamaha. Tukaituma namba ya tapeli kwenda 15040, tukalala. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, tukaenda wote kwenye ofisi yangu ya zamani. Binti wa mapokezi ni mgeni, hanijui. Akasema dada wa utumishi yuko kwenye kikao, tuache namba, tutapigiwa.

"Tutasubiri," mume wangu akasema, akavuta kiti. Alikuwa amevaa lile shati lake la kupiga pasi.