Jina Moja, Namba Mbili

Huna ruhusa! Kompyuta haikusema hivyo kwa Kiswahili, ilisema kwa Kiingereza chake kikavu, lakini maana ndiyo hiyo. Sura tisa za riwaya yangu zilikuwa mle, kwenye folda yenye jina langu, kwenye mashine iliyo chumbani kwangu hapa Chumbageni, nami naambiwa sina ruhusa hata ya kuchungulia.

Mashine yenyewe ni Pentium 4, diski ya jigabaiti 40, aliyoiacha mjomba. Marehemu alikuwa akiwachapia watu barua na kadi za harusi. Ina mifumo miwili. Ukiiwasha inakuuliza, Fedora au Ubuntu? Fedora ni ya zamani, na huko ndiko nilikoandikia. Siku moja ikagoma kuleta picha, ikabaki na skrini nyeusi na maandishi meupe basi. Sikushtuka. Nikaingia Ubuntu, nikaiona folda yangu ileee, nikaibonyeza. Ndipo nikapewa jibu hilo.

Fundi mmoja wa Ngamiani akanambia, "Dogo, piga 777 diski nzima, ukalale." Msomaji, kila faili lina watu wa aina tatu: mwenyewe, kikundi chake, na walimwengu waliobaki. Kila mmoja hupewa tarakimu: 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha programu au, kwa folda, kuingia. Ukijumlisha unapata 7. Basi 777 ni kusema kila apitaye na afanye atakavyo. Huko si kufungua mlango, ni kuung'oa na bawaba zake! Tena ukiung'oa kwenye mafaili ya mfumo wenyewe, zipo programu, sudo ikiwa mojawapo, zitakazokataa kazi kabisa. Nilimshukuru fundi nikaenda zangu.

Usiku nikaandika amri ya ls -n, ambayo huonyesha wenye mafaili kwa namba. Mwenye folda: 501. Mimi, ndani ya Ubuntu: 1000. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Fedora za zamani zilianza kuhesabu watumiaji kutoka 500, zikahamia 1000 kwenye toleo la 16, mwaka 2011. Ubuntu huanzia 1000. Mjomba alikuwa 500, mimi nikafuata. Jina ni pambo la kutufurahisha sisi binadamu. Mashine inatazama namba, kama ofisini wanavyokuuliza namba ya NIDA wakati jina lako wameshalisikia. Utaratibu huu umetoka kwenye Unix, iliyoanza Marekani mwaka 1969, watu wengi wakitumia kompyuta moja. (Sisi mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kugombea kufuli.)

Ningeweza kujimilikisha folda kutokea Ubuntu kwa chown, lakini Fedora ingeendelea kuniita 501, na ugomvi ungehamia upande wa pili. Nikaona nibadili namba kule kule. Nikarudi kwenye skrini nyeusi, nikaingia kama root, mkubwa wa mashine ambaye hakuna faili linalomfungia. Nywila yake mjomba aliibandika nyuma ya skrini kwa selotepu. Nikaandika usermod -u 1000 na jina langu. Amri hiyo hukubadilishia namba, na mafaili ya nyumbani kwako yakakufuata. Nikazima, nikawasha, nikaingia Ubuntu. Sura tisa! Nilizihesabu mara mbili, ya sita nikaisoma yote nimesimama.

Lakini nilipokuwa root niliiona folda ya mjomba pia. 500, ruhusa 700: mwenyewe tu. Na mwenyewe tumemzika. Kwa root ningeifungua kwa amri moja. Mkono ulikuwa tayari, na mtu anayeandika riwaya ana njaa ya maisha ya watu, tusidanganyane.

Asubuhi nikaenda kwa mkewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni mapema hivi?"

Nikamweleza. Aliendelea kuchambua mchele, mpaka nikadhani hakunielewa.

"Humo aliandika madeni yake," akasema mwishowe. "Deni la marehemu tunalibeba sie tuliobaki. Hilo lifungue. Mengine yaache alivyoyaacha."

"Hata barua, mama?"

"Kwani uliandikiwa wewe?"

Nikafungua moja tu. Lilikuwa na majina manne: watatu aliowadai yeye, na mmoja aliyemdai yeye pesa za rimu sita za karatasi. Mama akafunga pesa kwenye pindo la kanga, akaenda kulipa siku ile ile. Wale watatu hakwenda kuwagongea. Alisema wao wanajijua. Mafaili kumi na moja yaliyobaki bado ni ya 500. Sura ya kumi nimeianza juzi.