Mvi za Bibi

Wengi tunadhani sehemu ya picha iliyo wazi ni sehemu isiyo na kitu. Lakini uwazi kwenye picha una kipimo, na mimi kipimo hicho nilikielewa vizuri tulipofiwa na bibi.

Picha yenyewe alipigwa mbele ya ukuta wa bluu. Familia ilitaka ukuta uondolewe, bibi abaki peke yake, awekwe kwenye bango jeusi na fulana nyeupe za msiba. Mjomba aliniambia neno moja tu: "Mvi za mama zisipotee, mjomba."

Hapo ndipo kazi ilipo. JPEG haihifadhi uwazi kabisa. Palipo wazi hujazwa rangi, mara nyingi nyeupe. GIF inajua mambo mawili tu: nukta ionekane au isionekane. PNG, iliyokuja mwaka 1996, kwa kawaida huipa kila nukta namba ya alfa, kuanzia 0 isiyoonekana hadi 255 iliyokoza. Unywele mmoja wa mvi unaweza kuwa 200 kwenye shina na 40 kwenye ncha.

Kila programu nayo ina mlango wake. Kwenye GIMP, picha iliyotoka kwenye JPEG lazima kwanza uiongezee chaneli ya alfa, la sivyo kifutio kinapaka rangi badala ya kufuta. Kwenye Photoshop unaanza kwa kuifungua ile leya ya chini iliyofungwa. Kote kuwili uwazi unaonyeshwa kwa miraba, ambayo si sehemu ya picha.

Ila hakuna programu iliyojua kwamba ubluu wa ukuta umeingia ndani ya mvi. Kwenye nyeusi ulionekana kama moshi. Nikaupunguza polepole, unywele kwa unywele, huku nikijaribu picha juu ya nyeusi na nyeupe. Kisha nikaituma kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida kwenye simu mara nyingi hugeuzwa JPEG, na uwazi wote kwisha.

Fundi wa fulana akaniuliza kwa nini sikuzikata tu zile nywele za pembeni, kazi ikawa safi.

Nikamjibu, "Ingekuwa safi kweli. Ila asingekuwa bibi."