Kibadeni Bado Anapokea Mpira

Ukitaka kujua kama mchezaji wa zamani yu hai katika kumbukumbu ya shabiki, usiulize alifunga mabao mangapi. Sikiliza kiambishi cha njeo. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Mpwapwa na mnazi wa Simba tangu ikiitwa Sunderland, akimsimulia Abdallah Kibadeni husema: "Kibadeni anapokea, anageuka, anaachia mkwaju." Hayo ni mambo ya Julai 19, 1977. Mwanangu, mwanachuo wa ualimu na mwana Yanga, akimtetea Stephane Aziz Ki husema: "Alifunga mabao 21 msimu wa 2023/24, akawa mfungaji bora." Wa karibu nusu karne anakwenda na -na-, wa juzi keshavishwa -li-.

(Neno mnazi, kwa maana ya shabiki asiyebanduka, hunichekesha kila nikilitumia. Huku kwetu ni nchi ya mibuyu na mtama. Minazi haioti, lakini wanazi tele.)

Malumbano ya wawili hawa nimeyasikiliza barazani jioni nyingi, mimi nikisahihisha madaftari. Hoja ni ile ile inayovunja vijiwe vyote vya nchi hii: wa zamani na wa sasa, nani zaidi? Mwanzoni nilidhani wanapingana kuhusu mpira. Sasa naona kwamba mmoja anatetea alichokisikia na mwingine anatetea alichokiona, na lugha zao haziwezi kukutana kwa urahisi.

Mwaka 1977 baba alikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja upande wa Kibakwe. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo. Ilikuja mwaka 1994. Kijijini kulikuwa na redio mbili, moja ya mwenyekiti na moja yake, na betri zikichoka zilianikwa juani kama muhogo ili zipate nguvu za nusu saa nyingine. Kibadeni hakupata kumwona hata siku moja akiwa uwanjani. Kibadeni anayemjua ameumbwa kwa maneno matupu, ya watangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye wa rika la akina Ahmed Jongo na Charles Hilary ambao sauti zao ziliwafanya watu wa bara kuujua uwanja wa Dar es Salaam bila kuukanyaga.

Sisi washairi hatujawalipa watangazaji hao deni lao. Mtangazaji wa redio hana ruhusa ya kunyamaza. Mpira ukiwa winga ya kulia, lazima aseme uko winga ya kulia, la sivyo kwa msikilizaji wa Kibakwe mpira haupo popote. Kwa shida hiyo Kiswahili kilipata mali. Mpira uliopitishwa kati ya miguu ya adui ukaitwa tobo. Uliomvuka kichwani ukaitwa kanzu, na yeyote aliyewahi kuona kanzu ikivalishwa kuanzia kichwani hahitaji maelezo. Shuti kali likawa mkwaju, chenga ikalambwa, wavu ukawa kimia na mpira ukatiwa kimiani. Kila neno hapo ni picha iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na picha.

Kisha televisheni ikaja, na lugha ikakiri yenyewe kwamba mamlaka yamehama. Leo magazeti yakitaka kulisifu bao kuliko sifa zote huliita bao la kideo, yaani bao linalostahili kutazamwa tena. Silichukii neno hilo, lina mwendo mzuri mdomoni. Lakini linasifu bao kwa kulipeleka kwenye mashine, na anayelitamka hulazimiki kumsikiliza: nenda katazame mwenyewe.

Mwanangu ni wa upande huo, na hoja zake si nyepesi. Hukubali kwamba Simba ilishinda 6–0 siku ile na kwamba Kibadeni alitikisa wavu mara tatu, dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Ila huuliza: aliwafunga Yanga gani? Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka kwa mgogoro, wakongwe wengi wakaondoka, na Pan African ikazaliwa kutoka katika ufa huo mwaka 1976. "Babu, ninyi mlimpiga mgonjwa aliyetoka hospitali." Baba naye humkumbusha kwamba mchezaji hamchagulii adui afya. Mwanangu hujibu kwa 5–1 ya Novemba 2023, Simba ikiwa nzima kabisa. Baba huchomoa 5–0 ya Mei 2012. Mwanangu, ambaye amesoma sana kwa umri wake, hurudi hadi 5–0 ya Yanga ya mwaka 1968. Hapo huwa ni raha tupu, nami huacha kalamu nyekundu nisikilize.

Jioni moja raha ilikatika. Baba alikuwa katika bao la tatu. Kwa kweli bao hilo hukua. Nimewahi kulisikia likiwa na beki mmoja aliyeachwa, na nimewahi kulisikia likiwa na watatu na kipa. Mwanangu akauliza, kwa sauti ya upole ambayo ndiyo iliyouma: "Babu, hukumwona. Ushahidi uko wapi?"

Baba hakujibu. Alichukua fimbo yake, akaingia ndani. Kwa siku tatu hakuketi nasi barazani, na chakula chake alipelekewa chumbani.

Kwa kijana, ushahidi ni neno la kawaida la hoja: lete takwimu, lete video. Kwa baba neno lile lilimgusa mahali pengine kabisa. Siku ile ya 1977, mechi ilipokwisha, watu waliokosa nafasi kuizunguka redio walimfuata mwalimu awaeleze. Aliwasimulia bao kwa bao, usiku ule, na kesho yake njiani, na keshokutwa kwenye kilabu cha pombe ambako yeye mwenyewe hanywi. Kijiji kizima kilimpokea Kibadeni kutoka mdomoni mwake. Kumwambia kwamba hakuona ni kumwambia kwamba alidanganya kijiji. Utiifu wake kwa Simba umechanganyika na utiifu kwa neno alilolitoa. Akimwacha Kibadeni ashuke daraja, anashuka naye.

Nilimweleza mwanangu hivyo, na alisikitika kwa dhati. Lakini hakubadili msimamo wake kuhusu Aziz Ki, na sikumtaka abadili.

Wasomaji wa ukurasa huu watakuwa wameshamfikiria Mathias Mnyampala. Mgogo huyu wa nyanda zetu za Dodoma ndiye aliyeipa ngonjera umbo na umaarufu tunaoujua, na *Ngonjera za UKUTA* zilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1969. Katika ngonjera wawili hushindana kwa beti, mmoja akiwa hajui na mwingine akijua, na mwishoni asiyejua hukubali. Wote huondoka wakiwa kitu kimoja. Nimewahi kujaribu kuyaweka malumbano ya barazani petu katika ngonjera. Beti za kwanza zilikuja zenyewe. Ubeti wa mapatano ulikataa katakata. Nani anyenyekee? Nikimnyenyekeza kijana, naitupa miaka yake na vyote alivyoviona kwa macho yake. Nikimnyenyekeza mzee, nalizika redio lake. Shairi lile liko kwenye daftari mpaka leo bila mwisho, na nadhani umbo lake halisi ni majibizano ya watani, si ngonjera.

Kwani tunawaita Simba na Yanga watani wa jadi, na hili ni jina zito kuliko tunavyolichukulia. Mtani si adui. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, nawe huna haki ya kukasirika. Naye ana wajibu msibani kwako ambao ndugu yako mwenyewe hana. Na kwa mila zetu babu na mjukuu nao ni watani. Wawili wale, basi, ni watani mara mbili, na ndiyo sababu swali la ushahidi lilipita mpaka: halikuwa utani tena, lilikuwa mahakama.

Msidhani kwamba picha zingemaliza ubishi. Marekani wana filamu za Michael Jordan tangu ujana wake, na wana kila dakika ya LeBron James. Mmoja ana mataji sita, mwingine manne. Kila kikapu kimehesabiwa. Wamepatana? Vijana wa chuoni wanaocheza kikapu, ambao kwao Hasheem Thabeet aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 ni historia ya kale, wanagombana juu ya wawili hao kwa ukali ule ule wa kijiwe cha Kariakoo. Takwimu hupima alichofanya mtu katika siku zake. Hakuna takwimu inayompeleka mtu katika siku zisizo zake.

Na utiifu wenyewe una vituko. Dodoma Jiji ikicheza nyumbani na Yanga au Simba kwenye Uwanja wa Jamhuri, majukwaa hujaa njano au nyekundu. Wenyeji wanaizomea timu ya mkoa wao. Sababu si kukosa uzalendo. Simba na Yanga zilifika Mpwapwa kwa mawimbi ya redio kabla ya barabara ya lami, zikakuta mioyo haina mpangaji. Lakini wachezaji wenyewe hawafungwi na ndoa yetu. Clatous Chama, aliyeimbwa Msimbazi kwa miaka, alivaa jezi ya Yanga mwaka 2024. Baba hakumtukana. Alisema tu, "Amehama mtaa," na tangu hapo humtaja kwa -li-.

Mwaka jana macho ya baba yaliingiwa na mtoto wa jicho. Anangoja upasuaji. Kwenye televisheni huona rangi zikielea, nyekundu na kijani, na redio siku hizi humchosha kwa matangazo ya biashara. Hivyo Yanga ilipocheza wiki iliyopita alimwita mjukuu wake aketi karibu.

Kijana alianza vibaya sana. "Ona, Babu, ona! Aah, ameikosa!" Kimya. "Hatari hiyo!" Kimya tena, macho yake yamenasa kwenye kioo. Nikamwona baba ameinamisha kichwa upande, sikio mbele, kama alivyoinamia redio yake ya zamani, na hapati kitu.

"Mjukuu wangu," akasema, "usiniambie ona. Niambie mpira uko wapi."

Mwanangu akakohoa. Akajisogeza ukingoni mwa kiti. "Uko kwa Pacome," akasema, polepole, kama anayevuka mto asioujua kina. "Pacome anapokea. Yuko katikati, kushoto kidogo. Anageuka…"

"Beki wangapi?"

"Mmoja, Babu." Akasita, akamtazama mzee. "Wawili."