Antena Iliyolala Njia ya Jikoni

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na sababu si kazi ya programu peke yake. Sababu ni alumini, mchwa, kunguru na mama yangu.

Usiku mmoja wa Mei 2025 simu yangu ililia saa kumi na nusu. Kabla sijasema haloo, mama akasema, "Mwanangu, kile kitu chako kimelala njiani." Mlingoti wangu wa mita nane ulikuwa umekatika chini, na antena yote ikaangukia njia ya kutoka nyumba kubwa kwenda jikoni. (Kwetu Salama, kama kwingi Ukambani, jiko liko nje.) Mama huamka saa kumi na moja kuwasha moto. Nilikaa kitandani Nairobi nikiihesabu ile nusu saa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtu wa redio ya ridhaa. Ni watu wanaozungumza na ulimwengu kwa mitambo yao wenyewe, bila malipo na bila biashara. Hapa kwetu leseni hutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na majina yetu ya hewani huanza na 5Z4. Antena yenyewe ni ya aina ya Yagi, ndugu mkubwa wa ile ya televisheni inayofanana na mifupa ya samaki juu ya paa. Ilibuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Ina fito kadhaa zilizopangwa juu ya uti mmoja wa mgongo. Ufito wa nyuma ni mrefu kidogo, wa mbele ni mfupi kidogo, na kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo nguvu nyingi huelekea upande mmoja. Yangu ina fito tatu, ni ya masafa ya megahezi 28, na kila ufito una urefu wa karibu mita 5. Ukiilinganisha na ufito mmoja ulio peke yake, ni kama umezidisha nguvu ya mtambo mara tatu hivi, bila kulipa umeme zaidi.

Nilichagua masafa hayo kwa sababu ya jua. Kila miaka 11 hivi madoa ya jua huongezeka, na 2024 ulikuwa mwaka wa kilele. Kwa wati 100, nikiwa nimekaa nyuma ya zizi la ng'ombe, niliongea na Brazili jioni na Japani asubuhi. Hata malori yanayopanda mlima wa Salama kwenye Barabara ya Mombasa sikuyasikia tena.

Sasa tuje kwenye kuvunjika, maana haikuanguka mara moja tu.

Niliichora kwenye kompyuta kwa programu ya 4nec2. Ilitoka safi kabisa. Lakini programu ile inajua sumaku na umeme tu. Haikuulizi bolti zako ni za chuma gani, wala nani atakuja kukaa juu ya fito. Upepo niliupigia hesabu mwenyewe. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma kila mita moja ya mraba kwa uzito wa kilo 47 hivi. Fito zangu zote zina eneo la karibu sehemu tatu za kumi za mita ya mraba, na kwa umbo la duara unaongeza kidogo, basi unapata kama kilo 17. Kasi ikishuka nusu, nguvu inabaki robo. Nikasema, kilo 17 si kitu, mlingoti utazibeba.

Agosti 2024 ufito wa nyuma ulikatika. Haukukatika siku ya dhoruba. Mama alisema wiki ile ilikuwa na kaupepo tu, kale ka kila siku ka mwezi wa nane, na kwamba antena ilikuwa "inaimba." Mimi nilifurahia kusikia inaimba! Nilidhani ni jambo zuri.

Kumbe kuimba ndiko kuvunjika kwenyewe. Upepo mwembamba usiokoma ukipita kwenye bomba la mviringo, huachia vimbunga vidogo nyuma yake, kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu, na bomba hutikiswa hivyo hivyo. Kwa bomba la milimita 20 na upepo wa mita 4 kwa sekunde, ni karibu mara 40 kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 144,000. Piga hesabu ya wiki nzima. Tena alumini si kama chuma cha pua. Chuma kikikunjwa kidogo chini ya kiwango fulani huweza kuvumilia daima. Alumini huweka hesabu ya kila mkunjo, hata ule mdogo, na siku moja inadai. Ufito wangu ulikatika pale pale ulipobanwa kwenye uti wa mgongo, mahali ambapo ungepinda zaidi.

Wenye nyaya za umeme wanajua jambo hili tangu zamani. Ukipita Barabara ya Mombasa, tazama zile nyaya kubwa za kilovolti 400 kati ya Mombasa na Nairobi. Karibu na kila mnara utaona vitu vidogo vinavyoning'inia chini ya waya, kama vyuma vya wanyanyua uzito. Kazi yake ni kuumeza mtikisiko huo. Nimepita chini yake tangu zijengwe bila kujiuliza ni vya nini, na nina digrii ya sayansi ya kompyuta. Sawa.

Mvua za Novemba zikaleta la pili. Maji yaliingia kwenye plagi ya kebo, yakashuka ndani ya kebo yenyewe, na nguvu nyingi ikawa inarudi kwenye mtambo. Nilikuwa nimeifunga plagi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na jua lilikuwa limeupasua kabla mvua haijafika. Tena nilikuwa nimekaza waya wa shaba moja kwa moja kwenye alumini. Metali hizo mbili zikilowa pamoja ni betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Nilikuta unga mweupe mahali pa kiungo. Haya nilikuwa nimesomeshwa sekondari.

La tatu ndilo lile la Mei. Nguzo ilikuwa ya mkaratusi, imezikwa ardhini, nimepaka oili chafu chini nikajiona fundi. Kila mtoto wa Makueni anajua mchwa hufanya nini na mti uliozikwa. Mimi ni mtoto wa Makueni. Kwa nje nguzo ilikuwa nzima, ndani ilikuwa udongo. Kamba za kuishikilia zilikuwa za mkonge, na nazo zilikuwa zimeoza kwa mvua. Vitabu nilivyosoma vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanaeleza kurasa nyingi kuhusu barafu inayoganda kwenye fito, lakini mchwa hawamjui.

Kilichoniuma zaidi si alumini. Mimi niko Nairobi, nafika nyumbani wikendi moja kwa mwezi. Seva ikianguka kazini, simu inalia na mimi ndiye ninayeamka. Hii ikianguka, anayeamka ni mama.

Nilipofika Jumamosi nilimwambia, "Mwaitu, nitaiondoa." Akanyamaza kidogo. Akasema haikatai antena, anakataa mahali ilipo. Kisha akatoka, akaanza kuhesabu hatua kutoka jikoni kwenda shambani, hatua kumi na tano, akakanyaga chini. "Hapa. Ikilala, ilale kwenye mbaazi." Katika mradi wote huu, hiyo ndiyo hesabu ya kwanza iliyouliza itaangukia wapi. Mlingoti wa mita nane, hatua kumi na tano kutoka kila mahali mtu anapopita.

Wa sasa ni bomba la chuma lililopakwa zinki. Haujazikwa. Umekaa juu ya zege, na chini kuna bolti nene inayofanya kazi kama bawaba, ili uweze kulazwa taratibu kwa kamba bila mtu kupanda. Fundi wa jua kali wa pale barabarani aliichomelea kwa nusu siku, akaniuliza, "Bosi, hii ni ya kunasa nini?" Bolti na nati zote ni za chuma kisichoshika kutu, na kati ya shaba na alumini kuna washa ya chuma hicho hicho. Plagi nimeifunga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, juu yake tepu nyeusi ya umeme, na kebo nimeipinda chini kidogo kabla haijaingia ili maji yadondokee hapo. Uti wa mgongo una matundu madogo upande wa chini wa kutolea maji. Ncha za fito nimeziziba, maana nyigu walikuwa wamehamia.

Kuhusu kuimba, dawa ya wakongwe ni kupitisha kamba iliyolegea ndani ya bomba la ufito. Bomba likitikisika, kamba inagongagonga ndani na kuila ile nguvu. Wanashauri kamba ya nailoni. Mama, ambaye husuka vyondo, alisikia neno kamba akaleta ya mkonge aliyoisokota mwenyewe. Nilimweleza kwamba mkonge hunywa maji. Akasema ndani ya bomba mvua haingii.

Basi fito mbili zina mkonge wa mama, na ule wa mbele una nailoni. Tangu Julai antena haijaimba. Kunguru wanapenda zaidi ule wa nailoni, sijui kwa nini, na mama ananiambia kila Jumapili ni wangapi.