Chungu cha Pili

Katika mji mkubwa kama London mgeni hakosi chakula, bali hukosa kiongozi. Milango ya mikahawa haihesabiki, na juu ya kila mlango limeandikwa jina la nchi: India, Uchina, Italia, Uturuki, Lebanoni, Ethiopia, Peru. Kama majina yangalishibisha, hapana mtu ambaye angalilala na njaa katika mji huo. Lakini jina ni jina na mlo ni mlo. Baadhi ya mikahawa huuza chakula cha nchi iliyotajwa mlangoni, na baadhi huuza picha yake tu. Na mtu aliyesimama njiani wakati wa jioni, mwenye tumbo tupu na mfuko mwepesi, akikosea mlango hana fedha za kujaribu mwingine. Miaka niliyokaa huko ilinifunza kuipambanua. Katika insha hii nataka kueleza jinsi ya kufanya hivyo, kisha niseme neno juu ya deni linalobaki baada ya mlaji kulipa.

Kuna njia mbili za kutafuta mkahawa. Ya kwanza ni kusikiliza sifa. Kampuni ya Ufaransa itengenezayo matairi ya motokaa, Michelin, ilitoa kitabu chake cha kwanza cha kuwaongoza wasafiri mwaka 1900, na mwaka 1926 ikaanza kuipa mikahawa nyota. Wenye matairi walijua kwamba mtu akisikia habari za mlo mzuri ulio mbali huenda akaufuata kwa motokaa, na motokaa ikienda mbali matairi huchakaa. Siku hizi nyota hazitoki kwa wakaguzi peke yao, maana kila mwenye simu mkononi huzigawa apendavyo. Mimi sizidharau nyota hizo. Hutuonya juu ya ujeuri wa wahudumu na hesabu zisizo za haki. Walakini nyota huhesabu waliofurahi, hazisemi ni akina nani waliofurahi. Na kwa chakula cha kigeni hilo ndilo swali. Watu mia wasiopata kuonja wali wa Kiajemi maishani mwao wakiusifu wali, wamethibitisha kuwa ni mtamu; hawakuthibitisha kuwa ni wa Kiajemi.

Njia ya pili ni kufuata watu. Mtu akihama hawezi kuhamisha nyumba yake wala shamba lake, lakini ulimi wake huhama naye. Aghalabu wahamiaji wakiwa wengi katika mtaa mmoja hutafuta kwanza mahali pa kusalia, kisha duka la nafaka, mboga na viungo vya kwao, kisha kinyozi, na kisha mkahawa. Basi mimi huanza kwa duka. Muuza mboga ajua ni nani anunuaye bamia kwa kapu na ni nani anunuaye kwa kiganja, na ukimwuliza kwa adabu mahali alapo yeye mwenyewe mchana, ni nadra akufiche. Nikifika mlangoni hutazama mambo machache. Je, wazee wamekaa kwa utulivu, kama watu wasiofukuzwa na saa? Je, orodha ya vyakula ni fupi, na imeandikwa kwanza kwa lugha ya wenyewe? Je, yuko mtoto wa mwenye mkahawa afanyaye hesabu za shule katika meza ya pembeni? Ufukara wa viti haunitishi, maana ufukara si uchafu. Usafi una hati yake: katika Uingereza wakaguzi wa serikali za mitaa hutoa alama kuanzia 0 hadi 5, na mikahawa mingi hubandika alama yake dirishani. Alama ikiwa njema, viti vibovu na vikae vilivyo.

Ishara zote hizi ni matawi ya swali moja, nalo ni hili: je, aliyepika chakula hiki hukila mwenyewe?

Swali hilo lina historia yake. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna katika India, alifungua nyumba ya chakula George Street, karibu na Portman Square, akaiita Hindoostane Coffee House. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kuona nyumba ya chakula ikipewa jina la kahawa, maana neno letu mkahawa limetoka mle mle. Wateja aliowatazamia walikuwa Waingereza waliopata kukaa India, wenye kutamani viungo walivyovizoea huko. Dean Mahomed aliwatayarishia viti vya mianzi, na mahali pa kuvuta tumbaku kwa kiko cha maji, na vyakula vya kwao yeye. Lakini alipika kwa ajili ya kumbukumbu za watu wengine. Nyuma yake hapakuwa na mtaa wa watu wake wa kumshika mkono. Ilipofika mwaka 1812 alikuwa amekwisha filisika.

Waliofaulu baadaye walitoka baharini. Meli za mvuke za Waingereza ziliajiri mabaharia wa Sylhet, nchi ambayo leo ni sehemu ya Bangladesh, wakafanya kazi ya kuchochea moto tumboni mwa meli. Baadhi yao waliteremka katika bandari ya London wasirudi melini tena. Waliosha vyombo, wakawa wapishi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaanza kununua mikahawa midogo yao wenyewe. Waingereza waliiita mikahawa ya Kihindi, nao hawakubishana na mteja. Chakula chao kilipendwa hata mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akamtaja kuku wa tikka masala kuwa chakula cha taifa la Uingereza.

Lakini katika majiko ya mikahawa ile mlikuwa na vyungu viwili. Chungu cha kwanza kilikuwa cha wateja: mchuzi mzito, wenye malai na rangi ya kupendeza macho, na pilipili iliyopangwa kwa vyeo, kutoka ya wapole mpaka ya mashujaa. Chungu cha pili kilikuwa cha wapishi na wahudumu: mchuzi mwepesi, kuku na mifupa yake, au samaki na kichwa chake, chakula cha watu waliochoka wanaokula pamoja. Chungu hicho hakikuandikwa katika orodha yoyote. Kutafuta mkahawa mzuri wa kigeni, kwa maoni yangu, ni kutafuta chungu cha pili.

Atakaye kuyaona haya kwa macho na aende Brick Lane, upande wa mashariki wa mji. Mtaani hapo liko jengo lililojengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia mateso ya Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki. Na mwaka 1976 likawa msikiti wa watu wa Bangladesh. Kuta ni zile zile, waumini ndio waliobadilika, na kila kundi lilikuja na jiko lake. Mikate ya Kiyahudi yenye tundu katikati bado huuzwa mtaani humo usiku na mchana. Katika barabara yenyewe nilikutana mara nyingi na vijana waliosimama milangoni wakinivuta kwa ahadi ya kunipunguzia bei. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliwapita, nikafuata njia za nyuma kuelekea Whitechapel, nikakuta vyumba vidogo ambamo watu walikula kwa mkono samaki wa mtoni, na dengu, na karela, na nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa shatkora, tunda chungu la jamii ya ndimu lipendwalo sana Sylhet. Hapo chungu cha pili kimetoka mafichoni, kikawekwa mbele ya watu.

Mataifa mengine nayo yana vyungu vyao viwili. Wachina wa London walikaa kwanza Limehouse, karibu na magati. Mtaa huo ulipigwa mabomu katika Vita vya Pili, na katika miaka ya 1950 na 1960 mikahawa yao ikaota upya katika Gerrard Street, ikiendeshwa na watu ambao wengi wao walitoka mashamba ya mpunga ya Hong Kong. Huko niliona karatasi zimebandikwa ukutani kwa maandishi ya Kichina tu, zenye vyakula visivyomo katika orodha ya Kiingereza. Nilimwonyesha mhudumu kwa kidole sahani ya jirani yangu, nikala nisichokijua jina, nikaridhika. Kaskazini ya mji, katika Green Lanes, Waturuki, Wakurdi na watu wa Kupro huchoma nyama juu ya mkaa mbele ya macho ya mlaji. Mtu aliyezoea mishkaki ya Unguja au Mombasa huijua harufu ile kabla hajauona moshi. Ukiisha kuagiza huletewa mkate wa moto, na vitunguu vilivyochomwa vikarowekwa katika maji ya komamanga, navyo havimo katika hesabu. Mkahawa utoao bila kuombwa kile ambacho nyumbani hutolewa bila kuombwa, mkahawa huo haujasahau kwao.

Walakini mlo ulionifundisha zaidi niliupata Wembley, katika Ealing Road, mtaa wenye wakazi wengi wa asili ya Gujarati. Ubaoni palikuwa na neno mogo. Nililisoma, nikalisoma tena. Ulikuwa muhogo wetu, uliopoteza silabi njiani. Uliletwa mezani umekaangwa, umenyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu, kama uuzwavyo jioni ufukoni kwetu. Aliyeuleta alikuwa mama mzee mwenye nywele nyeupe. Nilimwambia, "Shikamoo, mama. Huu ni muhogo wa pwani." Alisimama kitambo akinitazama, kisha akacheka. "Karibu, bwana," akajibu. "Mimi mtu ya Jinja. Mogo hii mama yangu alipika kila Jumapili." Kilikuwa Kiswahili cha madukani, na miaka hamsini ya baridi haikuweza kukifuta.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka katika nchi, na zaidi ya 25,000 kati yao walipokewa Uingereza. Waliacha maduka, viwanda na nyumba. Mizigo yao ilipekuliwa njiani, lakini hapana askari awezaye kuupekua ulimi.

Mtu apendaye asili isiyochanganyika atauliza: mogo ni chakula cha Kihindi au cha Kiafrika? Namjibu kwamba muhogo wenyewe si mzaliwa wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili. Ulipandwa katika mashamba yetu, ukaingia majikoni mwa Wagujarati, kisha ukapanda ndege kwenda London. Kama uhalisi ni kutohama, basi chakula halisi ni haba sana duniani. Lakini kama uhalisi ni mpishi kuwapa wageni kile ambacho angewapa watoto wake, mogo wa Wembley ni halisi hauna doa. Chungu cha pili si lazima kiwe cha kale. Lazima kiwe cha kweli.

Sasa nije kwenye deni. Mkahawa wa namna hii si jiko tu. Kwa mhamiaji ni mahali pa kupata habari za kazi na za chumba cha kupanga, mahali pa kuchanga fedha za msiba, na mahali pa kusema lugha yake bila kuambiwa arudie. Mlaji mgeni akiufurahia huutangaza, na wageni mia humfuata. Ndipo pilipili hupunguzwa, samaki hutolewa mifupa, bei hupanda, na wazee waliokuwa wakikaa kwa utulivu huona haya kushika meza kwa kikombe kimoja cha chai. Tena iko kodi ya nyumba. Katika Elephant and Castle, kusini ya mto Thames, palikuwa na jengo kubwa la maduka ambamo watu wa Kolombia na wa nchi nyingine za Amerika ya Kusini walikuwa na biashara na mikahawa yao. Jengo hilo lilifungwa Septemba 2020, likabomolewa ili majengo mapya yasimame mahali pake. Baadhi ya wenye biashara walipata vibanda karibu, wengine walitawanyika. Sifa za walaji hazikuwaokoa.

Je, tusiende? Sisemi hivyo. Mkahawa usio na wateja hufa, na Dean Mahomed ni shahidi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika chumba kile ni nani mgeni, na ni nani mwenyeji? Barabarani mpishi ni mgeni, huulizwa hati zake na huchekwa lafudhi yake. Akiisha kuingia ndani ya mlango wake yeye ndiye mwenyeji, na mwenye mji ndiye mgeni wake. Heshima hiyo ya saa chache kwa siku ndiyo anayoilinda kwa moto na jasho. Na mlaji anayetaka chakula kibadilishwe kimfae yeye humnyang'anya heshima hiyo, hata kama amelipa kila senti.

Basi, msomaji, ukifika London, au mji mwingine wowote mkubwa, kitafute chungu cha pili, na ukikipata kikaribie kwa adabu. Uliza jina la chakula kwa lugha ya mpishi, ulitamke vibaya mpaka ulitamke vizuri. Kula kama wanavyokula wenyewe. Lipa bei iliyoandikwa bila kuteta, maana ndani yake mna kodi ya nyumba, na mna karo ya mtoto aliyebaki ng'ambo. Na ukiona watu wametoka kazini, wamesimama mlangoni wakingoja meza, usikae ukichezea kijiko. Inuka, shukuru, uwaachie nafasi.